Mizani ya Nuru Kwenye Nyanda za Khomas

Lami haikudumu. Tuliiacha nyuma muda mfupi baada ya Windhoek, na barabara ya C26 ikageuka changarawe inayopanda Kupferberg kisha kujitupa upande wa pili, vilima juu ya vilima, majani makavu ya manjano, na miti ya miiba imesimama mmojammoja kama watu waliogombana. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa akiendesha. Kila tulipofika kwenye geti la shamba la mifugo alisimamisha gari, nikashuka kufungua, akapita, nikafunga.

"Mjomba, huku geti unaliacha kama ulivyolikuta," alinikumbusha mara ya kwanza. "Lililofungwa lifunge, lililo wazi liache wazi."

Nikamwambia hiyo ni sheria nzuri hata kwa mizani.

Nilikuwa afisa vipimo kwa miaka 31, sehemu kubwa ya muda huo Newala, Masasi na Tandahimba, kwenye nchi ya korosho. Nimestaafu. Huyu mpwa wangu, binti wa dada yangu, anasomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha North-West kule Potchefstroom, Afrika Kusini, na chuo hicho ni miongoni mwa taasisi zinazoendesha darubini za mionzi ya gama ziitwazo H.E.S.S. hapa Namibia. Alipoanza masomo nilimuuliza kwa simu anachunguza nyota gani. Akajibu kwamba hachunguzi nyota, anafanya ugezi. Nilinyamaza. Neno hilo limenilisha mimi na watoto wangu maisha yangu yote: kukilinganisha chombo cha kupimia na kipimo kinachoaminika, ukajua kinakosea wapi na kwa kiasi gani. Sikujua kwamba kuna watu wanaougeza mwanga. Tangu siku ile nikawa nadunduliza nauli.

Ilikuwa Septemba, siku za mwezi mwandamo, maana darubini hizi hufanya kazi yake bora gizani. Upande wa magharibi ulionekana mlima Gamsberg, kilele chake bapa kama meza. Kisha, kwenye uwanda wa shamba la Göllschau, mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, niliziona. Nne zimekaa kwenye pembe za mraba wenye upande wa mita 120, kila moja na vioo vyenye jumla ya mita za mraba 107. Katikati yao imesimama ya tano, iliyowashwa mara ya kwanza Julai 2012, upana wa sahani yake mita 28, vioo 875 vya pande sita. Mchana zote huinamishwa. Kamera za zile nne, zinazoning'inia mbele ya vioo kwenye milingoti ya chuma, huingizwa kwenye vibanda vyao, milango ikafungwa. Kwa mbali utadhani ng'ombe wanakula kwenye hori.

Jina la H.E.S.S. linamuenzi Victor Hess, Mwaustria aliyepanda kwa puto mwaka 1912 akagundua kwamba mionzi inayopenya kila kitu huzidi kadiri unavyopaa, maana yake inatoka juu na si ardhini. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Alipanda na vifaa vyake vya kupimia mwenyewe, na alibeba zaidi ya kimoja ili kimoja kikisema uongo kingine kimsute. Hilo lilinigusa kuliko habari ya puto.

Jioni, kabla giza halijaingia, mpwa wangu alinieleza kinachopimwa. Tulikaa kwenye ngazi za jengo la zamu, yeye na kikombe chake cha chai, mimi na koti langu la baridi ya Newala ambalo halikutosha hata kidogo.

Mionzi ya gama yenyewe haifiki ardhini. Ikigonga hewa ya juu huvunjika kuwa elektroni na wenzake, nazo huzaa nyingine, zikawa manyunyu ya chembe yanayoporomoka. Chembe hizo hukimbia kuliko mwanga unavyoweza kukimbia ndani ya hewa. Boti ya injini ikiyapita mawimbi yake huacha mkunjo nyuma yake majini, na chembe hizi nazo huacha mkunjo wa mwanga, samawati iliyofifia, ambao Pavel Cherenkov aliueleza mwaka 1934. Mweko huo hudumu nanosekunde chache tu, yaani sehemu chache za bilioni za sekunde moja. Unapofika chini umetandaa kama mkeka wa mwanga wenye upana wa mita 250 hivi, na darubini yoyote iliyo juu ya mkeka huo huuona.

"Kwa hiyo angahewa nzima ndiyo sahani ya mizani," nikasema.

"Ndiyo, Mjomba. Na hapo ndipo tabu inapoanzia, kwa sababu sahani yenyewe si yetu."

Akanipa hesabu nikaiandika kwenye daftari. Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyolipuka ambayo Wachina waliiona mwaka 1054 ikiwaka hata mchana kwa siku 23, ni kati ya vyanzo vyenye nguvu kabisa vya mionzi hii. Hata hivyo, ukitandaza kigunduzi cha mita moja ya mraba angani, utasubiri karibu miezi miwili kupata mwonzi mmoja wenye nishati ya zaidi ya teraelektronivolti moja. Setilaiti haitoshi. Kwa kutumia mkeka wa mwanga, eneo la kukinga linakuwa mita za mraba laki moja, na mionzi inakuja mmoja kila dakika au zaidi. Lakini kwa kila mita ya mraba ya mkeka huo, mwonzi wa teraelektronivolti moja huleta fotoni, yaani chembe za mwanga, kama 100 tu. Kioo hakirudishi zote. Zinazofika kwenye kamera hupokewa na mirija inayogeuza mwanga kuwa umeme, ambayo hushika takriban robo. Kutokana na kiganja hicho cha fotoni ndipo unatakiwa useme: nishati ilikuwa kiasi hiki, ilitoka upande huu.

Nilizoea gunia la kilo 80. Hapa gunia lote ni fotoni chache, na mzani ni jangwa zima.

Siku ya pili mchana aliniombea ruhusa tukaingia kwenye kibanda kimoja. Uso wa kamera ni kama sega la nyuki: mirija 960, kila mmoja na koni ndogo ya kukusanyia mwanga mbele yake, imepangwa kumi na sita kumi na sita ndani ya droo 60. Droo ikiharibika inavutwa nzima, inawekwa nyingine. Ndani ya kibanda kile kilichofungwa kabisa ndipo ugezi wa kwanza hufanyika. Taa dhaifu sana inawashwa na kuzimwa, dhaifu kiasi kwamba kila mrija, kwa wastani, hung'oa elektroni moja tu. Mara nyingine hakuna kitu, mara nyingine moja, mara nyingine mbili. Mrija huizidisha elektroni hiyo mara laki mbili ili umeme wake uweze kusomwa. Ukichora matokeo unapata kilima cha sifuri, kando yake kilima cha moja, na umbali kati ya vilele viwili ndio gramu ya mrija ule. Mirija 960 haina gramu moja inayofanana. Kila mmoja una kitabu chake.

Kile kilima cha sifuri kilinifurahisha sana. Kwetu tunasema kutoa uzito wa gunia tupu. Mkulima akileta korosho, gunia lenyewe lina uzito, na mnunuzi asipolitoa, au akilitoa kupita kiasi, mmoja kati yao anapunjwa. Kamera nayo haijawahi kusoma sifuri tupu: vifaa vya umeme vina manung'uniko yao, na anga la usiku, hata bila mwezi, lina mwanga wa nyota. Njia Nyeupe ikipita mbele ya kamera gunia tupu huwa zito zaidi. Kwa hiyo uzito huo hupimwa upya usiku kucha, mrija kwa mrija, kadiri anga linavyozunguka. Nyota angavu ikiangukia mrija mmoja, mrija huo huzimwa wenyewe usije ukaungua, na anayehesabu lazima ajue kwamba dakika zile pale palikuwa na tundu.

Kuna ugezi mwingine kwa taa iliyofungwa katikati ya sahani ya vioo, inayoimulika kamera nzima kwa mwanga sawasawa. Mirija yote inapaswa kusoma sawa. Isiyosoma sawa inapewa sahihisho. Pia kila mrija una njia mbili za kusomea, moja ya fotoni chache na nyingine ya nyingi, kama sonara na mizani yake ya dhahabu kisha mizani ya malori kando ya barabara kuu. Zinapopokezana ndipo nilipouliza maswali mengi, kwa sababu kwenye kazi yangu makosa hupenda kujificha penye mpaka wa mizani mbili. Mpwa wangu alicheka: kule nako wanapachunguza hapohapo.

Lakini yote hayo ni kuilinganisha kamera na taa. Nani ameipima taa? Swali hili ndilo linalomtofautisha mkaguzi na mpaka rangi. Jiwe la kilo langu lililinganishwa na jiwe la mkoani, la mkoani na la taifa, hadi kwenye kipimo cha dunia. Mnyororo usipofika mahali pa kuaminika, stika unayobandika ni karatasi tu.

Alinikalisha mbele ya kompyuta akafungua picha za usiku uliopita. Nyingi zilikuwa mawaa marefu kama punje ya mchele, au madoa yaliyotawanyika, haya ya chembe za kawaida za anga za juu ambazo huamsha darubini mara mamia kwa sekunde. Kisha akasimama kwenye moja. Duara. Duara kamili la mwanga katikati ya sega, jembamba, kama pete.

"Hii ni muoni, Mjomba. Hili ndilo jiwe letu."

Muoni ni chembe ndugu ya elektroni, nzito zaidi, inayozaliwa kwenye manyunyu yale ya chembe za kawaida. Ikiangukia karibu na kioo huchora pete. Ukipima nusu kipenyo cha pete unapata pembe ambayo mwanga ulitoka, na ukishaijua pembe hiyo, kanuni za fizikia zinakuambia muoni huyu lazima alitoa mwanga kiasi hiki, si zaidi, si pungufu. Hakuna kiwanda kilichotengeneza jiwe hilo wala fundi anayeweza kulitoboa na kulijaza risasi. Linadondoka bure, kila usiku, Namibia kama Newala. Unachukua mwanga uliotakiwa kuonekana, unalinganisha na ulioonekana, na tofauti ndiyo uchovu wa chombo chako chote kwa pamoja: kioo, koni, mrija.

Na chombo huchoka. Vioo vya H.E.S.S. vinakaa nje, jangwani, bila paa, na zile darubini nne zilizinduliwa rasmi Septemba 2004. Vumbi, upepo na umande huvila mwaka hadi mwaka. Pete za muoni zilionyesha kufifia huko hatua kwa hatua, hadi vioo vikapakwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2010.

Hapo nilimweleza jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu wa familia. Msimu mmoja niliikagua mizani ya ghala moja la korosho, ambalo sitalitaja, mwezi wa Julai. Ilikuwa sahihi, nikabandika stika. Novemba akaja mama mmoja ofisini na gunia alilokuwa amelipima kwa jirani kabla ya kulipeleka, akasema ghalani limepungua. Nilikwenda. Mizani ilikuwa inapunja kilo moja na nusu kwa kila gunia. Hakuna aliyeiba. Vumbi la maganda na tope la viatu vilikuwa vimejaa chini ya sahani, vikaizuia isishuke mpaka mwisho. Miezi minne. Saini iliyokuwa kwenye stika ilikuwa yangu. Nilikaa usiku nikihesabu magunia, na hadi leo sijaweza kuimaliza hesabu ile. Kama ningekuwa na pete kama hizi, jiwe la kweli linaloangukia sahani kila siku bila kumngoja mkaguzi apate gari na mafuta, yule mama asingehitaji kuja.

Mpwa wangu hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniuliza kama ningependa kuona kosa dogo linavyokua.

Mionzi ya nishati ndogo ni mingi, ya nishati kubwa ni michache, na hupungua kwa kasi. Fikiria wavuvi wa Mikindani wanaopanga samaki kwa urefu. Dagaa ni wengi mno, nguru wachache. Rula ikiwa imekosea kidogo tu, samaki wengi wa daraja la chini wanahesabiwa daraja la juu, kwa kuwa chini ndiko waliko wengi. Hivyo ukikosea nishati kwa asilimia 10, idadi ya mionzi iliyo juu ya kiwango fulani inakosea kwa asilimia 16 hivi. Kosa limezaa kosa kubwa kuliko lenyewe. Wanasayansi wa hapa wenyewe hutangaza kwamba hesabu zao za mionzi zinaweza kuwa na kosa la asilimia 20, na hulichapisha waziwazi kando ya kila matokeo. Niliwaheshimu kwa hilo. Sijawahi kuona mnunuzi wa mazao akiandika ukutani kiasi ambacho mizani yake inaweza kukosea.

Na usahihi ukiongezeka, mambo huamuliwa. Katikati ya galaksi yetu kuna shimo jeusi liitwalo Sagittarius A*, na karibu nalo masalia ya nyota iliyolipuka yaitwayo Sagittarius A Mashariki. Mionzi ya gama hutoka huko, lakini kwa yupi? Chuma cha darubini hupinda kidogo inapogeuka, na upotofu huo mdogo ulitosha kuwachanganya wote wawili. Wakaukokotoa mpindo huo kwa kufuatilia nyota kwa kamera ndogo zilizofungwa kwenye sahani, wakashusha kosa la kulenga hadi sekunde sita za nyuzi kwa kila mhimili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yaliyaondoa yale masalia kuwa chanzo kikuu. Mionzi inatoka karibu kabisa na shimo jeusi. Hakuna darubini mpya iliyojengwa kwa ajili ya jibu hilo. Walikijua vizuri zaidi chombo walichokuwa nacho.

Usiku ule wa pili katikati ya galaksi ilikuwa juu ya vichwa vyetu mara giza lilipokamilika, kwa sababu hapa tuko kaskazini kidogo tu ya tropiki ya Kaprikoni, na ukiwa hapa hupita karibu na utosi. Kamera zilitolewa vibandani, sahani zikainuka taratibu, zote tano zikaelekea sehemu moja. Taa nje ni marufuku, hata simu. Nilisimama gizani nikisikia mota zikinong'ona. Sijawahi kuona anga la namna ile, na nimekulia mahali pasipo na umeme.

Lakini karibu na upeo wa macho nyota zilikuwa zimekosekana. Palikuwa na ukungu mzito wa rangi ya kahawia, na niliunusa kabla sijauelewa. Moshi.

Nilirudi ndani kumwambia. Tayari alikuwa akiutazama kwenye grafu.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba kusini mwa Afrika huwaka. Angola, Zambia na kwingineko watu huchoma mashamba na nyika wakisubiri mvua, na moshi husafiri mamia ya kilomita. Newala nako, mimi mwenyewe nikiwa mtoto, tulichoma majani chini ya mikorosho mwezi kama huu, na ukisimama ukingoni mwa nyanda za Wamakonde ukatazama bonde la Ruvuma, ng'ambo ya Msumbiji huioni. Tuliona ni dalili njema, msimu unakuja. Sikuwahi kuwaza kwamba moshi wa namna ile unaweza kumdanganya mtu anayepima nyota. Unafyonza mwanga wa Cherenkov ukiwa njiani, fotoni zinafika pungufu, na mwonzi wenye nguvu unasomeka dhaifu. Mizani inapunja.

"Lakini pete za muoni si zitaonyesha?" niliuliza.

"Hapana, Mjomba. Muoni anatoa mwanga wake mita mia chache tu juu ya kioo. Manyunyu ya gama yanawaka kilomita kumi juu. Pete zinakipima chombo, hazipimi hewa iliyo juu yake."

Kwa hiyo hutumia hila nyingine, na kwangu hii ndiyo nzuri kuliko zote. Chembe za kawaida za anga za juu, zile zinazoharibu picha na ambazo kila mtu angetamani zisiwepo, huja kwa kiwango kisichobadilika. Hesabu ya mara ambazo zinaiamsha darubini inategemea mambo mawili: uzima wa chombo na uwazi wa hewa. Uzima wa chombo umeshaujua kwa muoni. Utoe, na kinachobaki ni hewa. Tarakimu hiyo moja, inayokokotolewa kwa kila kipande cha dakika 28 za uangalizi, ililinganishwa na vipimo vya moshi vya setilaiti inayopita juu ya Afrika, vikakubaliana. Takataka zimekuwa jiwe la mizani.

Saa kumi usiku Kilimia kilikuwa kimepanda juu, kile ambacho babu zetu walikitazama kujua mvua iko wapi, na chini yake, isiyoonekana kwa jicho tupu, Nebula ya Kaa. Darubini ziligeukia kaskazini-mashariki. Kila darubini ya aina hii duniani hujipima kwa Kaa, kwa kuwa tangu mwaka 1989, wenzao wa Arizona walipoithibitisha baada ya saa nyingi za kuitazama, imekuwa ndiyo taa ya kulinganishia. Darubini za hapa huithibitisha kwa nusu dakika. Kutoka hapa huonekana chini sana, mwanga wake ukikata hewa kwa mshazari, na usiku ule mshazari huo ulikuwa umejaa moshi.

Grafu ya kuamka kwa darubini ilikuwa imeshuka. Mpwa wangu aliitazama kwa muda mrefu, kidevu juu ya ngumi, kama mama yake anavyokaa anapopiga hesabu ya ada. Mwenzake wa zamu aliuliza kama waendelee. Waliendelea. Lakini kwenye daftari la zamu aliandika: moshi, uwazi wa hewa mdogo, kipimo hiki kisitumike kwa nishati bila sahihisho.

"Utakitupa?" nilimuuliza.

"Kinawekwa kando, Mjomba. Siku tukiujua moshi vizuri zaidi, tutakirudia."

Kulipoanza kupambazuka kamera zilifungwa vifuniko, sahani zikainama moja baada ya nyingine, milango ya vibanda ikajifunga. Jua lilichomoza jekundu, bila miale, unaweza kulitazama kwa jicho tupu. Mpwa wangu alikwenda kulala. Mimi nilibaki pale nje, karibu na darubini ya kwanza, nikapitisha kidole kwenye ukingo wa nguzo yake ya chuma. Kilitoka na vumbi laini la kahawia, na chembe ndogo nyeusi za majivu.